Jicho la Kushoto la Kamaludin

Kibokoni nzima ilimjua Kamaludin kwa vitu viwili: kofia zake na macho yake. Kofia alizishona kwa mkono, nyeupe, zenye vitundu vidogo vidogo vilivyotobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja. Kofia moja ilimla miezi mitatu, na bwana harusi wa nasaba aliyetoka bila kofia ya Kamaludin alisemwa mpaka na watoto wa chuoni wasomao Kurani. Kwa kuwa kazi ile haifanyiki ila kwa macho makali, watu walimpachika jina la Kamaludin Mato. Macho, kwa watu wa Mombasa, ni mato. Na jina likishapachikwa Kibokoni halibanduki, hata uhamie Tanga.

Sasa nikwambie lile ambalo Kibokoni haikulijua. Tangu mwaka wa sitini na moja, jicho la kushoto la Kamaludin lilikuwa halioni. Halikuuma, halikuwa jekundu, halikuota utando. Lilianza kufifia pembeni, likaendelea hivyo hivyo taratibu, mpaka asubuhi moja alipolifumba la kulia ili apumzike kidogo, akakuta kiza kitupu. Kwa nje lilibaki zima, jeusi, linang'aa, linageuka pamoja na la kulia kila alipotazama. Ungekaa naye sahani moja mwaka mzima usingejua.

Wala hakumwambia mtu. Usiwe mwepesi kumcheka. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nani angempa fundi mwenye jicho moja kofia ya harusi ya mwanawe? Jicho la kulia lilimtosha kwa sindano, na kazi yake haikupungua hata kwa upana wa uzi, lakini watu hununua jina kabla ya kununua kofia. Basi akajifunza kuishi. Barazani alikaa na ukuta upande wa kushoto, pasiwe na mtu wa kumjia kutoka huko. Njiani aligeuza uso kidogo kushoto, kama kuku anayeitazama punje. Akiamkuliwa kutoka upande ule asijue ni nani, alijifanya yumo katika dhikiri. Haya yote mwenyewe aliyaita sitara. Mimi sitara naijua, na ni jambo jema, lakini sitara ni kumfunika mwenzio. Mtu akianza kujifunika mwenyewe mpaka wengine wakajikwaa, hapo jambo lina jina jingine.

Mwaka wa sitini na tano akanunua gari. Mzungu mmoja wa bandarini alikuwa akirudi kwao, akiuza kila kitu mpaka vyungu vya maua, na Kamaludin akalichukua gari lake dogo aina ya Morisi, la kijani. Kuendesha alikujua zamani. Leseni aliipata alipokuwa kijana akimwendesha tajiri mmoja wa Makadara, macho yakiwa mawili. Alikuwa na wateja Kilifi na Malindi, na kwa kweli gari lilimfaa. Vichochoro vya Kibokoni havikuweza kulipokea, kwa hivyo lililala karibu na Ngomeni, penye ile ngome ya Wareno. Kila asubuhi Kamaludin alikwenda na ndoo kuliosha, na aliliosha muda mrefu kuliko uchafu wake, ili wapitao wapate nafasi ya kusema mashallah.

Lakini gari halitembei bila bima. Wakala aliyejulikana na watu wa mji wa kale alikuwa Sattar, mwenye duka la kanga Barabara ya Biashara. Baba yake alitoka Bara Hindi, ila Sattar mwenyewe alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha wengi. Fomu za bima aliziweka kwenye droo chini ya kanga. Kwa kuwa ziliandikwa Kiingereza, alimsomea mteja swali moja moja kwa Kiswahili na kumwandikia jibu, pale pale kaunta, mbele ya kila mtu, huku akipima vitambaa. Hakuna aliyeona ubaya. Dukani kwa Sattar watu walikuja kununua na kusikiliza, na mambo ya mtu yalisomwa kama habari za redio.

Siku ya Kamaludin duka lilikuwa limejaa. Kina mama walikuwa wakichagua kanga, na Athmani, jirani yake wa Kibokoni, amekaa juu ya kibao akingoja chai. Huyu Athmani alikuwa akijiandaa kumwoza mwanawe mwaka uliofuata, na kofia ya harusi alikuwa ameshaiagiza kwa Kamaludin. Sattar akauliza jina, akauliza umri, akauliza gari litafanya kazi gani. Kisha akasoma: "Je, mwenye kuomba bima ana upungufu wowote wa kuona, wa kusikia, au wa viungo?"

Duka likaangua kicheko. Athmani alijipiga paja. "Sattar nawe! Kamaludin Mato wamuuliza mato? Muulize samaki kama ajua kuogelea!"

"Yule aona tundu za sindano mpaka zilizo Zanzibar," akasema mama mmoja, na kina mama wakazidi kucheka.

Sattar naye alicheka, lakini alikuwa mtu mwangalifu. Akainua uso, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Mimi sharti niulize, fundi. Niandike hapana?"

Hapo palikuwa na nafasi. Haikuwa kubwa, lakini ilimtosha mtu kuzunguka kaunta, kuinama na kusema maneno matatu katika sikio la Sattar. Kamaludin aliiona nafasi ile. Neno lilimpanda mpaka kwenye meno. Kisha akamtazama Athmani, uso umemjaa furaha, akafikiria ile kofia iliyoagizwa, akafikiria jina lake likitembea kutoka duka lile mpaka Kibokoni kabla yeye hajavaa viatu.

"Alhamdulillah," akasema.

Alhamdulillah ni neno zuri. Ni shukrani, wala si uongo. Na hivyo ndivyo alivyojiambia kwa miezi mingi. Lakini hakuwa ameulizwa hali. Sattar akaandika hapana, akamsogezea karatasi. "Hapa chini waapa kwamba yote uliyosema ni kweli. Tia sahihi." Kamaludin akatia sahihi nzuri, iliyonyooka, ya mkono wa mshona kofia.

Miezi kumi ilipita na hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililompumbaza. Ikafika Alhamisi moja asubuhi. Mkewe, Khairiya, alimtuma Liwatoni, kwa wavuvi, akanunue samaki nguru kwa ajili ya wageni. Alimpata mnono, akamfunga kwenye gunia, akageuza gari kurudi nyumbani. Palikuwa na mahali ambapo njia nyembamba, itokayo kwenye mabanda ya barafu, ilikutana na barabara upande wa kushoto. Kamaludin akageuza uso kidogo kushoto kama ilivyo ada yake. Aliona barabara nyeupe, haina mtu. Kisha akasikia kishindo.

Aliposhuka, mabonge ya barafu yalikuwa yametapakaa barabarani, mkokoteni umelala ubavu, na chini yake yumo mtu. Jina lake lilikuwa Chengo, Mgiriama, mvuta mkokoteni aliyewapelekea wavuvi barafu kwa miaka minane. Wavuvi wakaja mbio, wakamtoa. Paja la kulia lilikuwa limevunjika vibaya. Barafu ilikuwa ikiyeyuka juani, maji yanapita chini ya magurudumu, na Kamaludin amesimama ndani ya maji yale asijue anafanya nini.

"Kwani hukumuona?" mvuvi mmoja akamuuliza.

"Alitokea ghafla," akasema Kamaludin.

Maneno yale yalitoka yenyewe, kama mkono unaojikinga. Lakini polisi walipofika ilibidi ayarudie, na jioni barazani ilibidi ayarudie tena. Kila aliporudia, watu walitikisa vichwa kwa huzuni na kusema hakika: kama Kamaludin Mato hakumuona, basi yule mtu alijitupa.

Alikwenda hospitali kila siku ya pili. Alipeleka uji, alipeleka mikate ya mofa, alipeleka samaki wa kupaka aliowapika Khairiya. Chengo alilazwa chali, mguu umetundikwa kwa kamba na mawe ya uzani. Pembeni mwa kitanda palikuwa na viti viwili, kimoja ukutani na kimoja dirishani, na Kamaludin alikaa kile cha dirishani siku zote. Chengo alipokea chakula, akashukuru kwa adabu, akageuza uso. Hakutukana, hakulalamika. Siku ya nne Kamaludin hakuweza kuvumilia.

"Ndugu yangu, una neno nami?"

"Bwana, wajua mwenyewe," akasema Chengo, akitazama ukuta.

Amejua habari ya jicho, akawaza Kamaludin; amejuaje? Alirudi nyumbani na bakuli lisilooshwa. Tangu siku ile kila mtu aliyemtazama usoni zaidi ya kidogo alimtia hofu. Na wiki ile ile daktari akasema mguu utapona, ila utakuwa mfupi, na mkokoteni Chengo asahau.

Ndipo akaja Zakir. Alikuwa karani wa ile kampuni ya bima, kijana mpole mwenye mkoba wa ngozi, na alikuwa ameshafanya kazi yake kabla ya kubisha hodi. Alikwenda barazani akauliza, akaenda dukani kwa Sattar akauliza, na kila mahali alikaribishwa kahawa na kuapiwa kwa Mwenyezi Mungu kwamba Mombasa nzima haina macho kama ya Kamaludin. Watu walimpenda Kamaludin. Kwa mapenzi yao wakamjengea ukuta pande zote.

Zakir akamsomea alichokiandika. Dereva anajulikana na mji mzima kwa ukali wa macho yake. Barabara ilikuwa nyeupe, hapakuwa na mvua. Kwa hivyo ajali imesababishwa na mvuta mkokoteni, aliyeingia barabarani ghafla bila kutazama.

"Ukitia sahihi hapa, fundi, tutakutengenezea gari lako, na shauri limekwisha."

"Na Chengo?"

"Kosa likiwa lake, hatuna cha kumlipa."

Kamaludin akauliza tena: "Na kama mambo hayakuwa hivi?"

Zakir akafunga mkoba taratibu. "Kama hayakuwa hivi, basi kuna jambo hukutwambia. Na aliyetuficha jambo siku ya kuchukua bima, ile hati yake ni karatasi tu. Kampuni hujitoa, na madhara yote humwangukia yeye." Hakusema kwa vitisho, alisema kama mtu anayeeleza saa ya kufunga ofisi. "Fikiri. Jumamosi saa nne tukutane dukani kwa Sattar."

Mlango wa dema, ule mtego wa wavuvi, ni mpana, na samaki huingia akiogelea kwa raha zake. Kamaludin alizungukazunguka ndani ya dema lile siku tatu. Akitia sahihi, Chengo anaoza na mguu wake bila senti, na juu yake anabaki na kosa ambalo si lake. Asipotia, gari limekwenda, jina limekwenda, na chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake huenda kikaenda vilevile. Alitafuta njia ya tatu. Aliitafuta hata kwenye sala, akajikuta hajui ni rakaa ya ngapi. Kofia ya mtoto wa Athmani, iliyokuwa imefika nusu, ilikaa mapajani mwake na sindano haikutoboa hata tundu moja. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Kamaludin aliona kifo ni afadhali, maana maiti haulizwi maswali barazani.

Ijumaa baada ya sala Khairiya alimletea chai. Aliiweka kulia kwake, akakaa.

"Leo hujatia kitu kinywani," akasema.

"Sina hamu."

"Kamaludin, kikombe chako nakiweka upande gani?"

Akamtazama asielewe. "Upande wa kulia."

"Miaka minne nakiweka upande wa kulia. Zamani nilikiweka popote. Ulipovipindua vikombe vitatu mwezi mmoja, vyote vya kushoto, mimi nilijua. Nikangoja uniambie mwenyewe." Sauti yake haikupanda. "Mimi umenificha, nimekusamehe, mimi ni mkeo. Yule mtu wa watu je?"

Kamaludin alilia. Alilia kwa aibu, na alilia pia kwa sababu miaka minne alijiona peke yake ndani ya kiza kile, kumbe palikuwa na mtu akimsogezea kikombe.

Jumamosi saa nne duka la Sattar lilikuwa limejaa kama siku ile ya kwanza. Athmani alikuwa juu ya kibao chake. Zakir akatandaza karatasi juu ya kaunta, kando ya jora la bafta nyeupe ambalo Sattar alikuwa akilikata, akatoa kalamu.

"Sitii sahihi," akasema Kamaludin. "Chengo hakujitupa. Mimi sikumuona. Jito langu la kushoto halioni, huu mwaka wa nne."

Kisha Athmani akainuka, machozi yakimlengalenga. "Mwauona uungwana huu? Amuonea imani yule masikini, ajitia ila ya jito yeye mwenyewe ili mwenziwe alipwe! Wallahi, hakuna tena watu kama hawa."

"Mashallah," wakaitikia kina mama.

Zakir akamsogelea, akalitazama jicho lile kutoka hapa na kutoka pale. Akatikisa kichwa. "Fundi, jicho hili zima. Huruma ni jambo jema, lakini mimi siwezi kuandika huruma."

Kamaludin alitamani kupiga kelele. Miaka minne alikesha akiupiga lipu uongo wake usiwe na ufa, na sasa anataka kutoka, haoni mlango. Akaitwaa kalamu. Akaliziba jicho la kulia kwa kiganja cha mkono wa kushoto, akakibana.

"Zakir, iweke hiyo karatasi popote utakapo. Nami nitatia sahihi."

Akasikia karatasi ikisogezwa. Akainama, akaandika jina lake lote, polepole, kwa mkono ule ule wa kofia. Hakuna aliyecheka. Alipotoa kiganja aliliona jina lake limenyooka vizuri kabisa, refu, jeusi, juu ya bafta nyeupe ya Sattar. Karatasi ilikuwa mbali nayo, upande wa pili wa kaunta.

"Lailaha illallah," mama mmoja akanong'ona.

Sattar alikuwa akiutazama wino ukienea kwenye kitambaa. Hakuonekana kukasirika, alionekana amechoka. "Ungalinambia siku ile, Kamaludin. Kwa sikio tu. Ningaliandika jito moya, wangalikupeleka kwa daktari, wangalikuongezea ada kidogo, wakakutia kioo kikubwa upande wa kushoto. Wako wenye jito moya wanaoendesha mji huu. Nimewaandikia mimi mwenyewe, kwa kalamu hii."

Hayo yalimuuma kuliko yote yaliyokuja baadaye. Na baadaye yalikuja. Barua ya kampuni ilikuwa na mistari mitatu, kwamba imejitoa. Gari liliuzwa, chumba cha mbele kikapangishwa, na fedha za vyote viwili zikaandikiwa Chengo mbele ya mashahidi. Athmani alimtuma binti yake kuichukua kofia ikiwa nusu vilevile. Mwenyewe hakuja, na huo nao ni uungwana wa namna yake. Jina la Kamaludin Mato watu waliendelea kulitumia, maana nimeshasema halibanduki, lakini sasa walilisema akishapita.

Siku ile ile ya Jumamosi, kabla ya hayo yote, Kamaludin alitoka dukani akaenda hospitali kwa miguu. Alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, na leo hakuwa na bakuli mkononi.

"Chengo, siku ile sikukuona. Jicho hili limekufa zamani. Nilificha, na nimekwenda kusema leo."

Chengo aligeuza uso kutoka ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama sawasawa. "Hukuniona?"

"Naapa sikukuona."

"Mimi nilisimama," akasema. "Nilisimama kando na mkokoteni wangu, nikakuangalia. Nawe ukanigeuzia uso, ukaniangalia hivi, jicho kwa jicho. Nikasema, bwana huyu ameniona, anipisha. Ndipo nikaingia." Akajifuta uso kwa shuka. "Wiki tano nalala hapa najiuliza ni mtu gani anayemwangalia mwenziwe machoni, kisha akamkanyaga. Chakula chako nakila, nasema huyu aliniona, akaona mimi si kitu cha kumfanya ashike breki. Hata mke wangu sikumwambia. Ningemwambia nini?"

Kamaludin alikuwa amedhani Chengo ameijua siri ya jicho, kumbe neno lilikuwa hili.

"Mguu hautarefuka kwa haya maneno," akasema Chengo. "Lakini usikae huko, bwana. Njoo ukae upande huu, upande unaoona."

Kamaludin hakuinuka mara moja. Viti vilikuwa viwili tangu siku ya kwanza, na alikuwa amejua vizuri alichokuwa akichagua. Ukikaa dirishani, mguu ule uliotundikwa huwa kushoto, ndani ya kiza, na mtu anaweza kumlisha mgonjwa uji hadi bakuli likaisha asiuone hata mara moja. Akasimama, akazunguka kitanda, akakaa kile cha ukutani, akautazama ule mguu.